Jeni inaweza nini, na hufanya nini: vekta za virusi katika utafiti wa mafuta ya damu

Hotuba kwa wanafunzi wa shahada za juu za sayansi za tiba, wataalamu wa maabara na madaktari, Dodoma

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, madaktari, wataalamu wa maabara, na ninyi wanafunzi ambao hasa ndio mliofanya nikubali mwaliko huu, itifaki imezingatiwa.

Mwishoni mwa Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya UVIKO-19 kwa kuchanjwa hadharani, na chanjo iliyotangulia kutumika nchini kwetu ilikuwa ya Janssen. Ndani ya kile kichupa mlikuwa na adenovirusi ya aina ya 26, iliyoondolewa sehemu inayoiwezesha kuzaliana na kupachikwa jeni ya protini ya nje ya kirusi cha korona. Kwa hiyo Watanzania wengi, wakiwamo bila shaka baadhi yetu humu ukumbini, wamekwisha kupokea vekta ya virusi, yaani kirusi kilichogeuzwa kuwa chombo cha kubebea jeni, mwilini mwao. Chombo ninachokuja kukizungumzia leo ni kilekile, ila matumizi yake ni mengine. Katika chanjo tunataka seli itengeneze protini ya adui kwa muda mfupi ili kinga ya mwili ijifunze kuitambua. Katika utafiti wa umetaboli wa mafuta tunataka seli, mara nyingi seli ya ini, itengeneze protini ya binadamu kwa wingi kupita kawaida yake, kisha tupime kinachotokea kwa kolesteroli, kwa trigliseridi na kwa vipokezi vinavyozishughulikia.

Jambo langu ni moja, na nitalishikilia hadi mwisho. Kuzidisha protini kwa njia ya vekta hutuonyesha jeni inaweza kufanya nini. Hakutuonyeshi, peke yake, kwamba ndicho inachokifanya katika mwili wa mtu anayeishi Kondoa au Manyoni akiwa na nakala mbili tu za jeni hiyo alizorithi kwa wazazi wake. Umbali kati ya hayo mawili huzibwa na makundi linganishi, na dozi iliyopimwa kwa uangalifu, na ushahidi wa pili unaotoka kwa watu wenyewe. Mtafiti anayeruka hatua hizo hupata matokeo makubwa yenye maana ndogo, na matokeo ya namna hiyo yamejaa katika majarida.

Chukueni mfano wa jeni ya PCSK9, kwa kuwa sioni mwingine unaoonyesha nguvu na mipaka ya chombo hiki kwa uwazi kama huo. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa na Kanada walieleza kwamba baadhi ya familia za Kifaransa zenye kolesteroli ya juu mno, zisizo na hitilafu katika jeni ya kipokezi cha LDL (chembe zinazobeba kolesteroli katika damu na kudhuru mishipa zikizidi) wala katika jeni ya APOB (protini ya chembe hizo inayoshikwa na kipokezi), zilikuwa na mabadiliko katika jeni hiyo mpya. Swali lililobaki lilikuwa gumu: je, mabadiliko yale yaliiharibu protini, au yaliizidishia nguvu? Nasaba ya familia haiwezi kulijibu swali hilo. Mwaka uliofuata, makundi zaidi ya moja ya watafiti waliipachika PCSK9 katika adenovirusi na kuipeleka katika ini la panya, na kolesteroli ya LDL ya panya hao ikapanda sana.

Kama wangeishia hapo, tusingekuwa na mengi ya kusema. Ini lililoingiwa na adenovirusi hupata uvimbe, na ini lenye uvimbe linaweza kubadilisha mafuta ya damu kwa sababu zisizohusiana hata kidogo na jeni uliyoipachika. Thamani ya kazi ile ilitoka katika yale yaliyofanywa pembeni yake. Walikuwapo panya waliopewa adenovirusi isiyobeba PCSK9, na kolesteroli yao haikupanda namna ile. Walikuwapo pia panya walioondolewa kabisa jeni ya kipokezi cha LDL, wakapewa vekta yenye PCSK9, na kwao haikuongeza chochote. Hapo ndipo ilipobainika kwamba PCSK9 hupitia kwenye kipokezi kile na si penginepo. Tena, katika ini la panya wa kawaida RNA ya kipokezi ilibaki kama ilivyokuwa huku protini ya kipokezi ikitoweka, jambo lililoonyesha kwamba PCSK9 haizuii kipokezi kutengenezwa, bali hukiharibu baada ya kutengenezwa. Leo tunajua kwamba protini hiyo hujishika kwenye kipokezi juu ya seli ya ini na kukifanya kipelekwe kuvunjwavunjwa badala ya kurudi juu kuchukua LDL nyingine.

Hata hivyo, ushahidi ule ulikuwa bado wa aina ya kwanza, yaani wa kile ambacho jeni inaweza. Ushahidi wa aina ya pili ulikuja mwaka 2005 kutoka Dallas, Marekani, na ulitoka kwa watu wenye asili ya Afrika. Helen Hobbs, Jonathan Cohen na wenzao waligundua kwamba takriban watu 2 kati ya kila 100 wa asili hiyo walikuwa na mabadiliko yanayoikatiza PCSK9 kabla haijakamilika, na kwamba LDL ya watu hao ilikuwa chini kwa karibu asilimia 40. Mwaka 2006 kundi hilohilo lilionyesha, kwa watu waliofuatiliwa miaka 15, kwamba Wamarekani Weusi wenye mabadiliko hayo walikuwa na LDL iliyo chini kwa asilimia 28 kwa wastani, na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyopungua kwa asilimia 88. Mwaka 2007 ikatolewa taarifa ya mwanamke kijana wa Zimbabwe aliyerithi badiliko mojawapo kwa wazazi wote wawili. LDL yake ilikuwa chini kupita kiasi, naye alikuwa na afya njema na amezaa. Vekta ilikuwa imeonyesha kwamba PCSK9 ikizidi, kolesteroli hupanda. Watu hawa walionyesha kwamba PCSK9 ikipungua, kolesteroli hushuka na moyo husalimika. Dawa za kuizuia protini hiyo ziliidhinishwa mwaka 2015, miaka 12 tu baada ya taarifa ya kwanza. Napenda wanafunzi wangu walikumbuke hilo hasa: maarifa yaliyoleta dawa hizo yalitegemea damu ya watu wa asili yetu, na hata hivyo ni Waafrika wachache sana wanaozipata.

Sasa niingie katika vekta zenyewe.

Adenovirusi niliyoitaja ni kubwa kiasi. Jenomu yake ina jozi za besi zipatazo 36,000, na zile za kizazi cha kwanza, zilizoondolewa sehemu za E1 (ile ya kuziwezesha kuzaliana) na E3, huweza kubeba mzigo wa jozi za besi zipatazo 8,000. Hukuzwa katika seli za HEK293, zilizotokana na figo la kijusi cha binadamu, ambazo Frank Graham alizitengeneza mjini Leiden mwaka 1973 na ambazo zimebeba sehemu ya E1 inayokosekana kwenye vekta, kwa hiyo kirusi huzaliana humo na hakitarajiwi kuzaliana kwingine. Nasema hakitarajiwi kwa makusudi, kwa sababu mara chache vekta huchukua E1 kutoka kwenye seli hizo na kurudia uwezo wa kuzaliana, ndiyo maana kila toleo lazima lipimwe kabla ya kutumiwa. Adenovirusi hufika kwenye ini kwa urahisi na kutoa protini nyingi ndani ya siku chache, lakini kinga ya mwili huziandama seli zilizoipokea, na baada ya wiki chache protini huwa imepungua sana. Kwa swali la siku tano inafaa. Kwa swali la ugonjwa wa mishipa ya damu, ambao huchukua miezi hata kwa panya, haifai. Ikitumiwa kwa binadamu kwa dozi kubwa inaweza kuua: Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, alifariki Septemba 1999 huko Philadelphia katika jaribio la tiba ya jeni lililotumia vekta ya aina hii, na kifo chake kilibadilisha namna majaribio hayo yanavyosimamiwa.

AAV, yaani virusi vidogo vinavyoambatana na adenovirusi, ndivyo vilivyochukua nafasi kubwa katika utafiti wa mafuta kwa miaka ya karibuni. Kapsidi yake, yaani ganda lake la protini, ina upana wa nanomita 25 hivi. Haileti uvimbe mkubwa kwa panya, na aina ya 8, iliyotolewa kwa nyani na kuelezwa mwaka 2002, hupenda ini sana. Ukiongeza promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) inayofanya kazi katika seli za ini pekee, kama ile ya jeni ya protini inayobeba homoni ya thairoidi, unapata protini yako ndani ya ini, kwa miezi mingi, kwa sindano moja ya mshipa. Wengi huchukua promota ya CMV, iliyotokana na kirusi cha saitomegalo, kwa sababu ndiyo iliyomo katika plazmidi (duara la DNA la kubebea jeni) waliyoikuta kwenye friza. Katika ini promota hiyo huanza kwa kishindo na kisha hunyamazishwa, na mtafiti hubaki akishangaa kwa nini matokeo ya wiki ya pili hayalingani na ya wiki ya kumi.

Kikwazo cha AAV ni nafasi. Hubeba nukleotidi zipatazo 4,700 na hapo pamoja na ncha zake mbili, kila moja ikiwa na nukleotidi 145, pamoja na promota na mkia wa kumalizia RNA. Ni kama gunia la debe sita. Debe la saba litamwagika. Kipokezi cha LDL kina asidi-amino 860, kwa hiyo sehemu ya jeni inayosomwa ni jozi za besi zisizofika 2,600, nayo inaingia vizuri. PCSK9 ina asidi-amino 692, lipoproteini lipasi, kimeng'enya kinachovunja trigliseridi za damu, ina 475, na zote zinaingia. ABCA1, inayotoa kolesteroli nje ya seli, ina asidi-amino 2,261, ambazo ni jozi za besi karibu 6,800, na haiingii. APOB, yenye asidi-amino zaidi ya 4,500, haikaribii hata kuingia. Anayelazimisha jeni ndefu hupata virusi vilivyobeba vipande vilivyokatika, na ubaya ni kwamba kipimo cha PCR kinachosoma upande mmoja wa vekta kitamwambia kuwa ana virusi vya kutosha, wakati vingi havina jeni kamili. Kabla ya kuandika ombi la fedha, hesabu urefu wa jeni yako. Naona aibu kuwaambia wasomi jambo jepesi kama hilo, lakini miradi imekwama kwa ajili yake.

Kazi iliyoifanya AAV ipendwe katika eneo letu ilihusu PCSK9 tena. Panya wa kawaida hubeba kolesteroli yake nyingi katika HDL, chembe zinazorudisha kolesteroli kwenye ini, na haugui mishipa yake kama sisi; kwa miaka mingi ililazimu kutumia panya walioondolewa jeni ya kipokezi cha LDL au ya APOE (protini inayosaidia ini kuondoa mafuta kwenye damu), na kuwachanganya na panya wengine kwa vizazi kadhaa kila ulipotaka kuchunguza jeni nyingine. Mwaka 2014 kundi la Denmark, na mwaka 2015 kundi la Hispania, walionyesha kwamba sindano moja ya AAV yenye PCSK9 iliyozidishiwa nguvu inatosha kuvifuta vipokezi vya ini, na kwamba panya hao wakilishwa chakula chenye mafuta mengi hupata ugonjwa wa mishipa. Kundi la Hispania lilitumia jeni ya binadamu yenye badiliko la D374Y, ambalo huifanya protini ishike kipokezi kwa nguvu zaidi ya mara 10 kuliko kawaida.

Lentivirusi nitaipitia haraka kwa upande wa ufundi, maana hapa nitakuwa na neno la kijamii baadaye. Inabeba mzigo wa jozi za besi zipatazo 8,000, inajipachika katika kromosomu, na kwa hiyo inafaa pale unapotaka seli zinazogawanyika ziendelee kuwa na jeni yako kizazi hata kizazi. Kwa kazi ya seli katika sahani, hii ndiyo ningeanza nayo.

Nirudi kwenye makundi linganishi, ambako naona ndiko moyo wa kazi ulipo. Mtu akizidisha jeni ya kimeng'enya cha mafuta na kuona trigliseridi zimeshuka, kuna maelezo kadhaa yanayoshindana. Huenda ni kazi ya kimeng'enya. Huenda ni mwitikio wa mwili kwa kirusi. Huenda seli imelemewa na kutengeneza protini nyingi mno ya aina moja, njia yake ya kukunja protini ikaziba, na ini likapunguza kutoa lipoproteini, yaani chembe zinazobeba mafuta, kwa sababu ya dhiki hiyo. Vekta yenye protini ya kung'aa kijani hutenganisha maelezo ya kwanza na ya pili, lakini haitenganishi vizuri la tatu, kwa kuwa protini ya kijani hubaki ndani ya seli na haipiti katika njia ile ya kutoa protini nje. Linganishi bora zaidi ni jeni ileile iliyobadilishwa asidi-amino moja katika kitovu chake cha kazi, ili protini itengenezwe, ikunjwe na kusafiri kama kawaida ila isifanye kazi yake. Likishusha trigliseridi nalo, basi kimeng'enya hakikuwa sababu. Gharama ya kulitengeneza ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kuchapisha uongo bila kukusudia.

Dozi nayo ina mambo yake. Pimeni wingi wa protini yenyewe, na si wingi wa vekta mliyoingiza tu, kisha mwulinganishe na wingi wa asili katika ini la binadamu au la panya wa kawaida. Tumieni dozi tatu au nne, ikiwamo ndogo sana, na mwone kama athari inafuata dozi. Kumbukeni kwamba ini la panya dume hupokea AAV vizuri kuliko la panya jike, kwa hiyo dozi moja kwa jinsia zote mbili si dozi moja. Panya wachanga wakipewa AAV huipoteza kwa kadiri ini linavyokua, maana vekta hiyo kwa sehemu kubwa haijipachiki katika kromosomu na hugawanywa kila seli inapogawanyika.

Historia ya lipoproteini lipasi inaonyesha kwamba hata palipo na kila tahadhari, njia kutoka benchi la maabara hadi kitandani kwa mgonjwa ni ngumu. Watu waliorithi upungufu kamili wa kimeng'enya hicho, ambao ni kama mmoja kati ya milioni, huwa na damu nyeupe kama maziwa kwa trigliseridi na hushambuliwa na uvimbe wa kongosho unaoweza kuwaua. Kampuni ya uniQure ya Amsterdam iliipachika jeni hiyo katika AAV ya aina ya 1, ikitumia umbo la S447X ambalo ni la asili, limekosa asidi-amino mbili za mwisho na linaambatana na trigliseridi za chini kidogo kwa wanaolirithi. Vekta ilidungwa katika misuli ya miguu. Mwaka 2012 dawa hiyo, Glybera, ikawa tiba ya kwanza ya jeni kuidhinishwa Ulaya. Bei yake ilifika kama euro milioni moja kwa mgonjwa, trigliseridi zilizoshuka hazikudumu chini kwa muda mrefu ingawa mashambulizi ya kongosho yalionekana kupungua, na mwaka 2017 kibali chake kiliachwa kiishe. Wagonjwa wale walibaki bila tiba hiyo, na hilo bado linanisikitisha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sasa niseme kwa nini nadhani kazi hii inatuhusu hapa katikati ya Tanzania. Ugonjwa wa kurithi wa kolesteroli ya juu unakadiriwa kumpata takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300 duniani, na chanzo chake mara nyingi ni hitilafu katika jeni ya kipokezi cha LDL. Maelfu ya mabadiliko ya jeni hiyo yamekwisha kuorodheshwa, lakini hifadhidata hizo zimejengwa kwa sehemu kubwa na vinasaba vya watu wa asili ya Ulaya. Mwafrika anapopimwa, mara nyingi zaidi hukutwa na badiliko ambalo halijaonekana mahali pengine, na cheti cha maabara huandikwa kwamba maana ya badiliko hilo haijulikani. Daktari anabaki na cheti kisichomsaidia. Hajui kama awaite ndugu wa mgonjwa wapimwe, na hajui kama dawa zinazotegemea kipokezi zitamfaa mgonjwa aliyerithi hitilafu pande zote mbili, kwa sababu mtu asiye na kipokezi kabisa hunufaika kidogo sana na statini, dawa za kawaida za kushusha kolesteroli, au na dawa za kuzuia PCSK9.

Swali la namna hiyo linajibika kwa vekta. Kuna seli za ovari ya hamsta, zijulikanazo kwa jina la ldlA7, ambazo hazina kipokezi cha LDL kinachofanya kazi. Ukizipa jeni ya binadamu isiyo na kasoro, zinaanza kumeza LDL iliyotiwa rangi ing'aayo. Ukizipa ile yenye badiliko la mgonjwa wako, unaweza kuona kama kipokezi kinakwama njiani, kama kinafika juu ya seli lakini hakiwezi kushika, au kama kinashika na kushindwa kuingia ndani. Na hapa tahadhari yangu ya mwanzo inakuwa kali zaidi, kwa sababu kuzidisha kunaweza kuficha ugonjwa. Kipokezi dhaifu kinachofanya kazi kwa robo ya uwezo wake, kikitengenezwa mara hamsini ya kawaida, kitameza LDL nyingi na kuonekana kizima, nawe utamwandikia daktari kwamba badiliko halina madhara huku mgonjwa akielekea kwenye mshtuko wa moyo akiwa na miaka 40.

Dawa ya kosa hilo ni kupunguza lentivirusi. Ukiweka wastani wa virusi 0.3 kwa kila seli, ni kama robo tu ya seli zitakazopata vekta, lakini kati ya hizo karibu 86 kwa kila 100 zitakuwa na nakala moja tu. Utazichagua kwa kiuavijasumu ambacho vekta imezipa uwezo wa kukistahimili, kisha utatumia promota dhaifu badala ya kali, na utapima vipokezi juu ya seli kwa kingamwili kabla ya kupima umezaji wa LDL. Ni kazi ya uvumilivu zaidi kuliko ya mitambo. Inahitaji chumba cha seli cha ngazi ya pili ya usalama wa kibaolojia, kabati lenye mtiririko wa hewa uliokaguliwa, friza la nyuzi 80 chini ya sifuri na jenereta inayowaka yenyewe, kwa kuwa vekta iliyoyeyuka na kugandishwa tena hupoteza nguvu.

Niliahidi neno la kijamii kuhusu lentivirusi. Vekta hii ilitokana na VVU, na katika nchi ambayo karibu kila ukoo umewahi kuzika kwa sababu ya ugonjwa huo, hatuna haki ya kulificha jambo hilo wala kulitaja kwa wepesi. Ukweli wake ni kwamba vipande vichache vinavyohitajika hugawanywa katika plazmidi nne tofauti, jeni nyingi za VVU huachwa nje kabisa, na ncha ya vekta hukatwa ili isiweze kujiwasha baada ya kuingia katika seli. Kinachotoka hakiwezi kuzaliana. Lakini tahadhari bado ipo, maana vekta huingia katika kromosomu za yeyote itakayemwingia, akiwamo mfanyakazi aliyejichoma sindano. Aidha, wagonjwa waliotibiwa kwa seli zilizobadilishwa kwa lentivirusi wamewahi kupata majibu ya VVU yasiyo ya kweli katika vipimo vya vinasaba, na mshauri nasaha anayestahili kumweleza mtaalamu wetu wa maabara baada ya ajali lazima alijue hilo mapema.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009 zinaihusu kazi hii, pamoja na vibali vya maadili vya utafiti wa afya. Wakazi wa Dodoma wana kumbukumbu ya karibu: mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalipandwa kwa majaribio Makutupora mwaka 2016, ndani ya uzio na chini ya ulinzi, na baadaye, mwaka 2021, Serikali ikatangaza kusitisha majaribio ya aina hiyo. Mtu anaweza kuunga mkono uamuzi ule au kuupinga. Ninachokiona mimi ni kwamba mazungumzo na wananchi yanapaswa kutangulia kirusi, kwa Kiswahili chepesi, yakifanywa na watu wanaojua kujibu maswali magumu bila kukasirika.

Kwa hiyo ningependa kazi ya kwanza iwe ndogo: jeni ya kipokezi cha LDL, mabadiliko matatu au manne yaliyokutwa kwa wagonjwa wa kanda yetu, seli za ldlA7, lentivirusi kwa dozi ya chini, linganishi lisilo na kasoro na linganishi linalojulikana kuwa bovu. Panya wasubiri. Madaktari mlio hapa, mkimwona kijana mwenye vinundu vya mafuta kwenye kano ya kisigino, au familia ambayo wanaume wake hufa kwa moyo kabla ya miaka 50, naomba tuzungumze kabla ya kuchukua damu, ili fomu ya ridhaa iandikwe tangu mwanzo kwa namna itakayoturuhusu kuwarudishia majibu wao na ndugu zao. Wanafunzi wawili wa uzamili wanaweza kuanza na kutengeneza plazmidi muhula ujao, na fomu za kamati ya usalama wa kibaolojia nimekuja nazo. Zipo mezani karibu na mlango.